Bustani ya Sidi Niliyoiita Yangu

Siku ile bwana shamba aliposimama uani kwetu Vitengeni akauliza, "Bustani hii ni ya nani?" ningesema tu subiri mwenyewe arudi, lakini nilijibu, "Yangu." Naona aibu kulisimulia jambo hili hata leo, baada ya miaka yote hii tangu mwaka wa themanini na kitu, ila nyinyi chekeni, nimewaruhusu.

Bustani ilikuwa ya mke wangu, Sidi. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Kikambala, nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi, na jembe nalijua kwa kuliona limeegemea ukuta. Sidi ndiye aliyezitoa mboga porini, mchunga ule mchungu na mnavu, akazipanda karibu na nyumba pamoja na kunde za kienyeji, ili kiangazi kisitukute na sima tupu. Siku hiyo alikuwa kijijini Adu kwa mamake. Bwana shamba (mtu wa bara, mpole sana) akazunguka akisifu hiki, akisifu kile, na sifa, jamani, ni tamu.

Alipokwisha kuandika jina langu ndipo akasema, "Tunatafuta mtu wa kufundisha akina mama kupanda na kupika mboga hizi. Ni kazi ya mshahara. Jumamosi utupikie uwanjani kwa chifu, tuone."

Sidi alitolewa shule darasa la tano, na tangu nimwoe nilimsikia akisema kitu kimoja alichokitamani ni kusimama mbele ya watu afundishe. Kazi ile ilikuwa yake. Ilitosha nimkimbilie bwana shamba kabla hajawasha pikipiki. Sikukimbia.

Sidi aliporudi nilimwambia nusu tu, kwamba nimeombwa kupika. Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe, baba Kache? Wewe mchunga unaujua ukiwa sahanini."

"Kupika majani nako ni kazi?" nikasema (nimefika kidato cha nne, ati). Akanitazama, akaingia jikoni.

Jumamosi nikachuma majani makubwa makubwa, yaliyoshiba, na maua yake ya manjano juu, nikidhani ukubwa ndio uzuri, nikatia sufuriani mchunga mtupu, nikauchemsha na maji yake ya kwanza bila kuyamwaga, na harufu ilipokuwa kali nikamimina tui lote la nazi tatu, nikafunika, nikaenda kusalimiana na watu kama bwana harusi. Kurudi nikafunua, tui limekatika, linaelea mabonge. Na chifu ameshanawa mikono! Nikampakulia.

Chifu akatafuna mara moja. Akaacha kutafuna.

Jirani yangu Karisa, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaonja, akapaza sauti: "Baba Kache, hii ni mboga au dawa ya malaria? Tuambie tumeze vijiko vingapi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi mmoja mzee akachungulia sufuria. "Mwanangu, nani alikufunza kuchuma mchunga uliotoa maua? Huo hata mbuzi huufikiria kwanza." Bwana shamba, machozi yakimlengalenga, akaniuliza mbegu nazihifadhi vipi. Nikatazama mbingu. Mbingu nazo hazikujua.

Hapo Sidi akainuka kati ya akina mama, leso kaifunga kiunoni, kikapu mkononi. Kumbe alijiandaa tangu alfajiri. "Shikamoo, chifu," akasema. "Mume wangu amewaonjesha kwanza mchunga uliopikwa vibaya, mpate kujua tofauti. Sasa ngojeni huu." Akatoa majani machanga, akayachemsha, akamwaga maji, akachanganya mchunga kidogo na majani ya kunde na mnavu, akatia tui jepesi kisha zito, akikoroga bila kuacha. Watu walilamba vidole. Karisa aliongezwa mara mbili.

Bwana shamba akafungua daftari. "Kwani, mama, bustani ni ya nani hasa?"

Kwetu mke hamkanushi mumewe mbele ya chifu. Sidi alinigeukia, akanisubiri, na hakuwa na haraka. Ningesema "Yake" tu, yangekwisha. Lakini Karisa alikuwa akinitazama, meno yote nje, nami nikasema, "Yangu. Yeye hunisaidia."

"Basi mwenye bustani hajui kupika, na msaidizi siwezi kumwandika, kazi hii inamtaka mwenye bustani," akasema bwana shamba kwa upole, akafunga daftari. Kazi akapewa mama mmoja wa upande wa Magarini.

Sidi hakunipigia kelele. Jioni alinipakulia chakula, akasema, "Kula, baba Kache. Kesho nitakufunza." Na alinifunza, namshukuru Mungu, mwaka baada ya mwaka. Leo magoti yake hayamruhusu kuinama, kwa hivyo mimi ndiye nichumaye mchunga kabla haujatoa maua, namwaga maji ya kwanza, nakoroga tui mpaka mkono uniume, naye hukaa kwenye kigoda akinisahihisha. Kila sahani ninayompa ni asante. Na nimeapa sitaita changu tena kitu kilichopandwa na mkono wa mwingine.

Lakini kazi ile haikurudi. Sidi alitaka kufundisha watu, na kwa neno langu moja alipata mwanafunzi mmoja tu maisha yake yote, nami ndiye huyo.