Mlinzi Aliyeelea

Mama Kasoro alilipwa kucheza gemu mpaka ziharibike. Mdogo wake wa kiume alianzisha kampuni ya gemu za kompyuta, akampa dada yake kazi ya kusaka makosa kabla hazijauzwa. Alijua anachofanya. Tangu utotoni nani alimfikia dada huyo kwa kuchokonoa?

Gemu ya mwisho ndiyo iliyowamaliza. Mlinzi wa lango, badala ya kuzuia wezi, mvua ikinyesha tu alipaa na kuelea chali, usingizi wa pono. Mama Kasoro alisema mpaka koo likamkauka, lakini mdogo wake alikuwa na haraka zake. Siku ya uzinduzi, dukani, watu waliangua kicheko hadi wakashikana mabega. Mdogo mtu alichomoka kwa mlango wa nyuma. Akafunga kampuni, akaingia kwenye ufundi wa majokofu, na nyumbani neno gemu likawa mwiko.

Miaka ikapita. Mwanamke mmoja mwenye pesa zake akainunua kampuni, jina na gemu zake zote, akamwita Mama Kasoro aikague ile ile ya mwisho, iliyoundwa upya. Mama wa watu akaenda mbio. Akasubiri mvua inyeshe kwenye skrini. Mlinzi akasimama wima, macho makavu. Nusura apige vigelegele.

"Bosi, safi kabisa! Haelei tena!"

Bosi akajishika kichwa. "Haelei? Mungu wangu! Mafundi wanahangaika aelee. Mama, watu wanamsubiri yule yule. Wengine wamevaa fulana zenye picha yake!"

"Lakini lile ni kosa."

"Ndilo nililolinunua."

Alitoka pale haelewi kichwa wala miguu. Kosa alilolipwa kuliondoa, sasa alipwe kulilinda? Na mdogo wake je? Amwambie, au amwache na amani yake ndogo?

Alimkuta sebuleni, bisibisi mkononi, vyuma vya jokofu la mtu vimetapakaa sakafuni. Akajikuta amesema yote kwa mkupuo.

Mdogo wake aliweka bisibisi chini. "Kwa hiyo siku ile walicheka kwa kupenda?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi nilikimbia, dada. Wewe ulibaki. Uliwaonaje?"

Alijaribu kuzikumbuka nyuso za wale watu. Hata moja haikumjia, na jambo hilo likamuuma.

"Sikuwatazama," alisema. "Nilikuwa namtazama mlinzi."