Ndizi za Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno. Nauza vitenge sokoni Tukuyu, na mteja akinipita bila kusemeshwa ujue siku hiyo naumwa koo. Sasa mtu kama huyo akaolewe kijijini Kinyala, kwenye familia ambayo kwa mila mkamwana hasemi na baba mkwe! Hamtazami usoni, na wakikutana njiani anapinda. Babu zangu walipotoka pwani walileta biashara na swala tano, hili hawakunifundisha. Nilijifunza kwa kukimbilia migombani kila mzee alipokohoa.

Nilipopata mimba, mzee alifurahi kuliko mwanawe. Kila wiki aliweka chane la ndizi mbivu kizingitini, akakohoa, akaenda zake. Kukataa zawadi ya mkwe? Thubutu! Nilizila zote.

Kliniki walinipima wakakuta kisukari cha mimba. Siku hiyo hiyo nikaacha sukari: chai bila sukari, uji bila sukari, soda nikaiaga. Wiki mbili baadaye kipimo kikapanda tena! Nikaapa kwamba sijaonja hata chembe. Nesi akaniuliza nilikula nini jana, nikamtajia kila kitu, pamoja na ndizi mbivu sita.

"Sita?"

"Lakini hizo si sukari, dada. Hizo ni ndizi."

Rungwe nzima, ambako ndizi ni chakula cha kila siku, ingenielewa. Nesi hakucheka.

"Mama, sukari yako ikikaa juu, na mtoto inamfikia. Inaweza kugusa ubongo wake unavyokua. Anaweza kuchelewa kuongea, au kushika mambo kwa shida. Si lazima itokee, ila tusibahatishe."

Achelewe kuongea! Mtoto wangu mimi! Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nikamwomba mama mkwe afikishe habari, akashika kichwa.

"Mwanangu, nitamwambiaje? Atasema umezikataa ndizi zake."

Basi mzee alipokohoa tena nje ya jiko, nilibaki nyuma ya ukuta nikamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa pumba.

"Wewe kuku! Nesi kasema ndizi mbivu nyingi zinaweza kumdhuru mjukuu wa mzee! Zinaweza kumgusa ubongo!"

Kisha sauti nzito ikatoka upande wa pili: "Kuku, nimesikia."

Wiki iliyofuata nilikuta ndizi mbichi chache, maharage na fungu la mboga. Nikapika kwa kipimo cha nesi, nikatembea kila jioni, na sukari ikashuka. Binti alipozaliwa walimtoboa kisigino kupima sukari yake, wakaniambia nimnyonyeshe papo hapo. Alinyonya kwa fujo, alhamdulillah.

Lakini alipofika miaka miwili alikuwa na maneno matatu tu. Kliniki walisema tusubiri, wapo watoto wanaochelewa tu. Mimi sikuweza kusubiri kwa amani. Usiku na mchana nilizihesabu zile ndizi sita, na nilijichukia.

Mwezi uliopita, binti akiwa na miaka mitatu, nilikuwa jikoni nakoroga ugali. Mzee akakohoa nje. Nikasikia akimpa mjukuu wake ndizi: moja yako, nyingine mpelekee mama. Nikatega sikio, kama kawaida, nikitegemea kimya.

"Hapana, babu," sauti ndogo ikasema, neno moja baada ya jingine. "Hii imeiva sana. Mama anakula moja, asubuhi alishakula. Hii kula wewe."

Mwiko ulinidondoka. Nani alimfundisha? Hakuna! Tangu mimba ile sili zaidi ya ndizi moja mbivu kwa siku, naye alikuwa akinitazama na kunihesabia siku zote hizo.

Huko nje mzee akapaza sauti mpaka bati likaitika.

"Wewe kuku! Mjukuu wangu akili anazo!"

Kuku yule tulishamla siku nyingi, na uani hapakuwa na mwingine. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na machozi yakinitoka nikamjibu kuku: "Ndaga fijo, baba. Ahsante sana."