Laktomita ya Mwalimu Yuliana

Mwalimu Yuliana hakusoma kipimo chochote bila kukigonga kwanza kwa ukucha. Aligonga saa ya kanisani, mizani ya muuza sukari, hata geji ya mafuta ya bodaboda aliyoipanda. "Vyombo husinzia," alisema. Watu nao hakuwaamini upesi. Ukimwamkia, alikutazama kwanza kama anayetafuta kilichofichwa nyuma ya salamu. Alikuwa amefundisha fizikia Bunda mpaka akastaafu, akarudi kwao Butiama, na kikundi cha maziwa kikampa kazi ya kupima kwa kuwa hakuna aliyeweza kumdanganya.

Rhobi alimwogopa. Yeye alikuwa Mkurya aliyeolewa pale, sasa mjane, na maziwa ya ng'ombe wake ndiyo yaliyowaweka Prosper na wadogo zake shuleni. Nyumba yake ilikuwa karibu na kituo cha kupimia maziwa kuliko zote. Asubuhi ya kwanza ya kupima, Mwalimu alitumbukiza laktomita, ile chupa nyembamba ya kioo inayoelea, kwenye ndoo yake. Maziwa mazito huinyanyua. Yaliyotiwa maji huiacha izame. Ya Rhobi yaliiacha ikazama.

"Rhobi, umeongeza nini humu?"

"Sijaongeza kitu, Mwalimu."

"Ng'ombe wa Mama Prosper wanakunywaga maji huku wanakamuliwa!" Magesa alidakia kutoka kwenye foleni, na watu wakacheka.

Hilo lilikuwa onyo. Ukirudia, unafutwa kikundini.

Rhobi alirudi nyumbani akijiuliza nani anamchezea. Akaanza kumtazama shemeji yake kwa jicho baya. Usiku akalala na ndoo chumbani. Kulipokucha, ili asipatikane mtu wa kutia mkono, alikamua na kutoka mbio, povu likimwagika ukingoni, joto la maziwa akilisikia pajani. Alifika wa kwanza, akihema. Laktomita ikazama vilevile.

"Mfuteni," mtu akasema.

"Bado," Mwalimu akajibu. "Kesho nitakuja kuona mwenyewe."

Alikuja na tochi. Akaikagua ndoo ndani na nje, akamwambia Rhobi apandishe mikono ya sweta, akasimama karibu na ng'ombe mpaka mkia ukampiga shavuni. Maziwa yalipojaa akayapima palepale zizini. Laktomita ikazama. Akaigonga. Ikabaki ilipo. Akamgeukia ng'ombe, akamkazia macho kama mshitakiwa wa pili, na Rhobi akajikuta anacheka, kisha analia.

"Usilie, sijamaliza."

Mwalimu akaibeba ndoo mpaka nyumbani kwake, akaiweka ndani ya beseni la maji ya kisima. Wakakaa kila mmoja kwenye kigoda chake, kila mmoja akiilinda ndoo dhidi ya mwenzake. Maziwa yalipopoa, Mwalimu akapima tena. Laktomita ikapanda, ikasimama kwenye alama yake.

Mwalimu akaigonga, ikabaki palepale. Miaka yote kule Bunda alikuwa ameandika ubaoni kwamba kitu kikipata joto hupanuka: hakikuongezewa wala kupunguziwa, ila kimetanuka, na kikombe kimoja chake kinakuwa chepesi kuliko kilivyokuwa. Wenzake Rhobi walitoka mbali, maziwa yao yakapoa njiani. Ya Rhobi yalifika na joto la ng'ombe, na kadiri alivyokimbia kujisafisha ndivyo alivyojichafua.

Asubuhi hiyohiyo Mwalimu aliwaeleza watu wote kituoni.

"Kwa hiyo aliyekosea ni laktomita?" Magesa akauliza.

"Aliyekosea ni mimi. Na wewe uliyemcheka."

Rhobi hakufutwa. Lakini neno la pole hakuambiwa, na alilingoja. Alilingoja kila asubuhi akipeleka ndoo iliyopozwa, na Mwalimu akiipima kwa uso uleule mkavu. Macho ya Mwalimu yalipoanza kufifia, binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Musoma. Rhobi alimbebea begi hadi kwenye gari, akazubaa mlangoni.

Mwalimu alimshika kifundo cha mkono.

"Usifikiri nimeacha kukushuku, Rhobi. Ila siku hizi nakushuku kama wenzako tu."