Nyoya kwenye Muundi wa Bibi

Siku hizi nikitoka kuoga najipaka mafuta ya nazi, maana miundi yangu imepauka na inaniwasha kama niliyelalia upupu. Siendi popote, lakini nanukia kama sufuria ya wali. Harufu hiyo hunirudisha zahanati ya Msambweni, kiganja changu kikiwa kimebanwa na cha bibi.

Bibi alikuwa na baka jeupe, lenye magamba, kwenye muundi. Majirani walikuwa wameanza kukataa chai yetu kwa adabu, kila mmoja akidai amekunywa kwake. Na siku zile mwenye ukoma alihamishiwa kambi ya wakoma, akaachana na wajukuu.

“Fumba macho, mama,” dresa, mtibabu wa zahanati, alisema, nyoya la kuku mkononi. “Nikikugusa, itika. Ngozi yenye ukoma haisikii.”

Akamgusa goti.

“Naam.”

Akamgusa kifundo.

“Naam.”

Kisha akalipitisha nyoya juu ya baka. Bibi kimya. Midomo ilimcheza, sauti haikutoka. Dresa akalipitisha tena, akanitazama, nami nikaanza kulia.

“Naam,” bibi akasema hatimaye. “Nilikuwa kwenye dua, mwanangu. Hungoji mtu amalize?”

Dresa akashusha pumzi. “Alhamdulillahi. Ni ukavu wa uzee tu, mama. Acha kujisugua kwa makumbi ya nazi, na ukioga ujipake mafuta ya nazi kabla mwili haujakauka.”

Bibi akafumbua macho.

“Uzee? Nani mzee hapa? Hebu lete hilo nyoya, unipime upya!”