Mikono Mitupu Kwenye Njia ya Matoroli

Siku yangu ya kwanza getini, stesheni ya Mpanda, miaka ya tisini, stesheni masta alinifundisha kwanza kutazama miguu. Kutoboa tiketi kulikuja baadaye.

"Binti, tiketi inaweza kudanganya," alisema. "Tazama mtu anatoka kwa njia ipi."

Njia za kutokea zilikuwa mbili: ngazi za saruji zilizopanda barabarani, na njia ya matoroli, mwinuko mrefu uliozunguka ghala, uliowekwa kwa ajili ya mizigo. Abiria wengi walikimbilia ngazi hata wakiwa na magunia kichwani. Aliyezunguka ghala mikono mitupu, kwa bosi wangu, alikuwa anakwepa kitu. Nami nikaambukizwa shaka hiyo.

Ndipo nikawaona Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutoka Usukumani, na mkewe, Mama Kulwa. Kila wakitoka Kaliua kumwona binti yao, mama alipanda ngazi na mzigo wote. Mzee, na fimbo yake tu, alizunguka ghala.

"Mwenye mzigo anapanda ngazi, asiye na mzigo anafuata matoroli!" stesheni masta alininong'oneza. "Mfuate."

Nikamfuata mara kadhaa. Alitembea polepole, kiganja kikipapasa ukuta wa ghala. Nikawaza kuna mtu anampitishia kitu dirishani. Nikaripoti.

Safari iliyofuata, bosi alimzuia. "Leo utapanda ngazi kama wenzako."

Abiria wakasimama kutazama. Mzee akasogea, akanyoosha fimbo, ikapiga hewa. Akaniinamia.

"Mwanangu, ngazi inaanzia wapi? Mke wangu yuko juu, anatazama. Hajui kama sioni. Wanangu wakijua, watagawana ng'ombe zangu nikiwa hai."

Nikamshika mkono, nikapaza sauti: "Mzee, tiketi yako ina walakini, twende ghalani!" Nikampitisha njia ya matoroli mpaka barabarani.

"Ulikuta nini?" bosi aliuliza.

"Tiketi halali."

Alinikazia macho. Tangu siku ile alinishuku mimi, na haukupita muda nikahamishiwa mizanini, kupima magunia ya mahindi.

Huko ndiko Mama Kulwa alikonifuata, uso umekunjamana. "Nyie mlimtafutia nini mume wangu?"

Nikang'ang'ania uongo wa tiketi. Akanisikiliza hadi mwisho, uso ukalegea.

"Asante kwa kumfichia," alisema. "Najua haoni. Nafahamu muda mrefu. Natangulia ngazini ili apite kule taratibu, asione haya mbele yangu. Usimwambie kama najua."

Sasa nimestaafu, na vijana wa getini huniuliza mwizi anatambulikaje. Huwaambia wakague tiketi, kisha wamwache mtu apite anakotaka.

Mzee Masanja amefariki mwaka huu. Msibani Mama Kulwa alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama nilimwambia mumewe kuwa alijua. Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo alipolia.