Kikombe cha Donatille

Donatille wa Gisenyi alikuwa mwanamke wa beseni, muulize yeyote pale mpakani. Asubuhi na mapema alikuwa ameshapokea sambaza kwa wavuvi, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wenzake walingoja kutwishwa. Yeye aliinama, akanyanyua beseni mwenyewe hadi kichwani, akashika njia ya Goma shingo imenyooka kama ya bibi harusi.

Kisha gari moja likakatika breki kwenye mteremko, likamkuta pembeni ya barabara. Mfupa wa bega la kulia ukaunga vibaya. Mkono ukabaki wa kuning'inia. Usiposhikiliwa na ule wa kushoto, haupandi. Watu wa bima ya gari wakasema watamlipa kwa kazi aliyoipoteza, ila kwanza aje mtu amtazame.

Akaja Rutagengwa, kijana mpole aliyekulia Tanzania. Donatille akavaa kitenge cha kanisani, akamletea maziwa ya mgando. Alimpa kama mgeni anavyopewa kwetu: kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kwa chini kwa heshima. Na akatabasamu. Kijana akanywa, akashukuru, akaenda kuandika kwamba mkono ni mzima.

Jibu la bima lilipofika, kwamba hakuna malipo, wifi yake Laurence alishika kiuno.

"Bon, we Donatille. Mutu anakuja kuona mukono mubaya, we unamupa nayo maziwa?"

"Ningemupa na nini?"

"Na ya kushoto. Ao ungemuacha na kiu."

"Mugeni kwangu, mukono ya kushoto? Heri nikose bima, nikufe na adabu yangu."

"Utakufa na njaa mbele. Adabu itafuata nyuma."

Donatille akacheka. Lakini beseni lilikuwa limelala pembeni ya jiko, na kuku alikwisha kuanza kutagia ndani yake.

Laurence hakukaa. Alikwenda kuwasumbua wale wa bima mpaka wakamrudisha Rutagengwa. Donatille akaleta maziwa tena, vilevile, mkono juu ya mkono. Laurence akaguna mlangoni.

"Usipokee kwanza, mutoto wangu," Donatille akasema. "Toa hii mukono yangu ya kushoto."

"Mama, hiyo ni heshima yako. Nitaitoaje?"

"Mi siwezi kuitoa mbele ya mugeni. We toa."

Akautoa polepole, kwa vidole viwili. Mkono wa kulia ukashuka kama kamba iliyokatwa, na maziwa yote yakamwagikia viatu vya kijana.

Rutagengwa akavitazama. "Nilidhani ni adabu tu," akasema.

"Ni adabu," Donatille akajibu. "Na bega nayo imekufa."

Bima ililipa, si haraka, lakini ililipa, na leo Donatille ana meza yake ya sambaza karibu na ziwa. Beseni alimwachia kuku. Ila siku ile, kabla mgeni hajaondoka, alimmiminia kikombe kingine, akakishika kwa mkono wa kulia peke yake. Rutagengwa akapiga goti, akakipokea kwa mikono miwili kule chini, pale mkono wa mama ulipokomea.