Randa na Sindano Katika Chumba Kimoja

Nilipoolewa Masisi, milimani magharibi ya Goma, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nilifika na mashine ya kushona. Ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, na nilipewa na watawa wa misheni, masere kama tulivyowaita, baada ya kuwashonea mashuka na mapazia kwa miaka mitatu. Mume wangu alikuwa seremala. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili: cha nyuma cha kulala, na cha mbele cha kila kitu kingine. Siku ile ya kwanza alinionyesha nafasi chini ya dirisha, akafuta vumbi la mbao kwa kiganja, akasema, "Weka hapa, mwangaza iko muzuri." Nikaweka. Nikadhani tumemaliza.

Aliyewahi kuishi na seremala anayajua maranda. Yanatoka kwenye ubao yamejikunja, mepesi, na yanakwenda yanakotaka. Niliyakuta ndani ya pindo nilizokwisha kushona. Niliyakuta kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Jumapili moja kanisani, mama aliyeketi nyuma yangu alinichomoa moja kichwani, akanitia mkononi kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani.

Lakini nisimwonee. Mimi mwenyewe nilikuwa fujo. Kwetu ni Kashebere, mahali barabara inapokaribia msitu wa Walikale, na kule nilizoea kushonea nje, kwenye uwanja uliofagiliwa. Kitambaa kikianguka, unakiona. Masisi, mvua na ukungu vilitufungia ndani: mimi, yeye, mbao zake, vitambaa vyangu, na kuku, ambao nao hawakupenda kulowa. Sindano nilizichomeka kifuani mwa blauzi nikazisahau. Chaki ilikaa kwenye kikombe cha chai. Mkasi ulilala popote nilipouachia. Asubuhi nzima iliweza kwisha natafuta, halafu mchana nashona mbio mbio, na kesho yake naifumua kazi ya jana.

"Nani alikata karatasi ya msasa na mukasi yangu?" nilikuwa nauliza.

"Na nani alichochea moto na rula yangu?" anajibu yeye.

Tulikuwa vijana, tunapendana, na ugomvi wetu ulikwisha kwa kicheko. Ila kazi haikwenda.

Ndipo akaja binti mmoja wa Kirolirwe aliyekuwa anaolewa. Baba yake alikuwa amesafiri mpaka Goma kumnunulia kitambaa cheupe, pamoja na dantela, lesi nyembamba ya kupamba mikono. Alikileta kimefungwa katika pagne mbili, vitenge vya kujifunga, ili kisipate hata tone la matope, akakifungua polepole juu ya magoti yake.

"Mama, hii njo yote tuko nayo," akaniambia. "Hakuna ingine."

Nilimpima, nikakata, nikaanza. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi gauni lilikuwa limesimama, mkono wa kulia umeshonwa na dantela yake, na nikanyoosha mkono kuchukua ule wa kushoto. Haukuwepo.

Nilitazama chini ya meza. Nilitazama ndani ya mashine, kana kwamba mashine hula nguo. Nilimwita mume wangu, akaacha randa, akaanza kuhamisha mbao moja moja kutoka ukutani. Asubuhi ile alikuwa amegongelea misumari kwenye sanduku la mteja. Alilitazama, akanitazama, akachukua nyundo na kulifungua tena. Ndani hamkuwa na kitu. Nikaketi sakafuni, nikahisi machozi yanakuja.

Na hapo bibi harusi akaingia, amelowa ukungu, anatabasamu. Amekuja kujaribu gauni.

Sikuwa na la kufanya ila kumvika. Akasimama katikati ya chumba, mzuri kweli, mkono mmoja umefunikwa mpaka kwenye kifundo, mwingine uko wazi tangu begani.

"Mama," akasema kwa upole, "mukono ingine iko wapi?"

"Iko inakuja," nikasema.

Mume wangu aligeukia ukuta ili asicheke.

Mama mkwe wangu alikuwa akikaa nyumba ya pili, hatua chache kutoka kwetu. Alikuja kuchukua kaa la moto, akasimama mlangoni, akamwona bibi harusi na mkono wake mmoja, akaniona mimi na macho mekundu. Alisikiliza. Nyuma ya mbao ndefu, zile ambazo mume wangu alikuwa bado hajazifikia, kulikuwa na sauti ndogo ya koo, ko, ko, ko. Mama akapita katikati yetu, akainama, akapeleka mkono.

"Njooni muone," akasema.

Kuku mmoja mwekundu alikuwa ameingia kwenye kikapu changu cha vipande vya nguo, kikapu nilichokisukuma kule nisikumbuke lini. Alikuwa amelalia mayai saba. Na chini ya mayai, imetandikwa vizuri, dantela ikizunguka kama ukingo wa kiota, ilikuwepo nguo nyeupe ya Goma.

Niliogopa kumtazama bibi harusi. Nikasikia kitu kama kwikwi, nikajua analia. Nilipoinua macho, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya maranda na gauni lake lote, na mimi nikapiga kelele, "Simama! Simama!" na hapo ndipo mume wangu naye aliposhindwa kujizuia.

"Yeye alichagua kitambaa muzuri," bibi harusi akasema akijipangusa macho. "Vifaranga vikitoka, kimoja iko yangu."

Mama aliuosha ule mkono mwenyewe, kwa maji baridi na sabuni, akisugua kwa ncha za vidole. Tuliukausha kwa pasi ya makaa, maana jua halikuwepo. Doa alilouachia kuku lilitoka. Jumamosi niliketi kanisani nikilitazama gauni linapita, nikajua ni mkono upi, na sidhani mwingine yeyote aliujua. Kuku tulimwacha alalie mayai yake kwenye majani makavu, na kifaranga kilikwenda Kirolirwe kama tulivyoahidi.

Jumatatu iliyofuata mama mkwe alikuja asubuhi, kitambaa amekifunga kichwani kama mtu anayekwenda shamba.

"Leo hakuna kushona, hakuna mbao," akasema. "Mutatosha vitu vyote, muweke inje."

"Vyote, Mama?" mume wangu akauliza.

"Vyote. Mpaka mi nione ukuta."

Mungu alitupa jua siku ile. Tulitoa mbao, meza, mashine, vikapu, magunia, makopo, tukavipanga kwenye nyasi, na rundo likawa kubwa kuliko nyumba. Wapita njia walisimama. "Munahama?" wakauliza. "Munauzisha?" Mama akawajibu, "Tunatafuta sakafu."

Tulipata vitu ambavyo tulikwisha kuvililia: patasi moja ya mume wangu, kitabu cha nyimbo za kanisa, sindano nyingi mno, na mkasi wangu mdogo wa vifungo. Huo mkasi ulinitia aibu. Ulipopotea nilimshuku jirani yetu wa upande wa chini, aliyekuwa amekuja siku ile kuazima uzi. Sikumwambia neno, lakini salamu zangu kwake zilikuwa zimepoa, naye alikuwa ameona. Sikungoja. Nilichukua kikapu cha maharage, nikashuka kwake, nikamweleza yote. Aliniacha nimalize.

"Mi nilifikiri mi nilikukosea kitu," akasema. Kisha akapandisha njia pamoja nami, akashika ufagio, akafagia pamoja nasi mpaka jioni.

Kabla ya kurudisha vitu ndani, mama alinipeleka kwake, kwenye kona anapoweka mbegu. Nilikuwa nimeingia kwake mara nyingi, lakini sikuwahi kuitazama. Vibuyu na vikapu vidogo vilikaa kwa mistari: maharage mekundu, maharage ya madoa, njegere, mahindi, mtama, vyote vimechanganywa na majivu visiliwe na wadudu. Alifumba macho, akanyoosha mkono.

"Hii ni ya madoa. Hii ni njegere. Mvua ya kwanza ikianguka, mi siulize muntu. Mi nakamata, mi naenda kupanda. Wale wengine wako bado wanatafuta."

Akanipa vibuyu vitano vidogo, vitupu.

Kimoja nilikitia vifungo, kingine chaki, kingine sindano zilizochomwa kwenye kipande cha blanketi, na viwili nyuzi: nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Kazi ya kila mteja ikapata kikapu chake chenye kifuniko, na vikapu vikatundikwa ukutani, mbali na kuku. Mume wangu alichukua upande wa mlango ili maranda yafagiliwe moja kwa moja nje. Mimi nikabaki dirishani. Katikati alisimamisha ukuta mfupi wa matete, urefu wa kifua, ili tuendelee kuonana. Juu ya ukuta wake alichora kwa kaa umbo la kila chombo, msumeno, nyundo, randa, na chini ya kila umbo msumari wa kukitundika. Kabla ya chakula cha mchana tulifagia. Kabla ya kufunga mlango jioni, tulifagia.

Sitasema tuliweza mara moja. Wiki ya kwanza aliacha msumeno juu ya meza yangu. Mama alipita, akauona, akaubeba mpaka kwake. Mchana kutwa mume wangu aliliangalia lile umbo tupu ukutani, mwisho akakubali kwenda kwa mama yake kuuomba, mtu mzima mwenye ndevu, na nikamsikia kule akisema, "Mama, nilikosa." Wiki ya pili ulikuwa mkasi wangu. Nilisimama mlangoni kwake nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinichelewesha kwa makusudi, akanipa kwanza kikombe cha maziwa, tukazungumza mambo ya shamba, ndipo akautoa chini ya kiti.

Pasaka ilipokaribia, masere walinipa nguo za watoto wa komunyo ya kwanza. Zamani ningelala na hofu. Safari hii nilikaa asubuhi, nikanyoosha mkono kwenye kibuyu, na uzi ulikuwepo. Nikanyoosha tena, na chaki ilikuwepo. Mashine ilikwenda kama inavyopaswa kwenda. Upande wa pili randa nayo ilikwenda, na mara nyingine tulijikuta tunaimba wimbo mmoja, kila mtu na kazi yake, ukuta wa matete katikati.

Siku moja katika siku zile tulimaliza, tukafagia, tukatundika, na jua lilikuwa bado juu. Tulisimama katikati ya chumba tukitazamana. Hakukuwa na kitu cha kutafuta.

"Sasa tunafanya nini?" akaniuliza.

Tulifunga mlango tukapanda mlima nyuma ya nyumba, mahali ambapo maharage yalikuwa yanatoa maua. Sikuwahi kufika kule mchana bila jembe. Tuliketi kwenye nyasi, tukatazama ng'ombe wa watu upande wa pili wa bonde, wadogo kwa mbali, na moshi wa nyumba zinazopika. Alichuma ua moja la haragwe, akalichomeka kwenye kitambaa cha kichwa changu, akasogea nyuma akalitazama kwa jicho moja, kama anavyopima ubao.

"Imenyooka," akasema.

Tukakaa hapo mpaka baridi ikatufukuza.